Mama Mchaichai na Mapipa ya Mferejini

Ndugu na jamaa, majirani, wanachama wenzake wa vitalu vya vitunguu, na nyote mlioziacha kazi zenu asubuhi hii mkaja kuketi nasi, familia inawashukuru, na inawaomba mtuvumilie kidogo tuwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mchaichai kwa ile harufu iliyomtangulia kila alikokwenda, hata aliyempa kisogo akajua kwamba amefika. Aliyestahili kusoma hapa ni mwanawe, lakini sauti yake haifiki hata mstari wa pili wa viti, na sababu yake mtaisikia mbele, kwa hiyo yanasomwa na mkamwana wa marehemu, ambaye ameandika aliyoyaona, na mengine kama alivyosimuliwa na marehemu mwenyewe wakati wa kuchambua majani.

Marehemu alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1963 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kwenye chumba cha mwisho kilichopakana na tangi la maji, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto saba wa baba aliyekuwa mshika taa wa stesheni na mama aliyeshona sare za shule kwa cherehani ya mkono. Dada yake mkubwa, ambaye yuko nasi hapa mbele, anasema alizaliwa wakati treni ya mizigo ikipita, na kwamba ndiyo maana maisha yake yote alikuwa hasikii akiitwa kwenda asikotaka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971, akamaliza darasa la saba mwaka 1977, akiwa na alama nzuri, hasa za hesabu, lakini mwaka huo nyumbani ilikuwa zamu ya kaka yake kuendelea na masomo, naye hakununa, alikunja sare yake, akamkabidhi mdogo wake na kumwambia, "Haya, nawe ukaitoboe viwiko," kisha akajifunga kanga na kwenda kumsaidia mama yake kushona vifungo.

Mwezi Februari 1980 aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha sabuni kilichokuwa nyuma ya soko, kwanza kama mfungaji wa miche ya sabuni, na kuanzia mwaka 1984 akahamishiwa kwenye mtambo wa mvuke, chumba chenye giza na joto ambako majani ya mchaichai yalishindiliwa ndani ya pipa la chuma, maji yakachemka chini yake, mvuke ukapita katikati ya majani na kuingia kwenye bomba lililozungushwa ndani ya maji baridi, na mwisho wake yakadondoka maji na mafuta pamoja, mafuta yakielea juu, yakienguliwa kwa kijiko na kutiwa kwenye sabuni ili inukie. Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo baadaye lilimwokoa na pia lilimponza, kwamba mafuta na maji ni wapangaji wasiosalimiana, na anayeweza kuwakalisha chumba kimoja ni sabuni peke yake.

Hapo hapo kiwandani ndipo alipokutana na mumewe, marehemu baba yetu, aliyekuwa mpuliza dawa katika mashamba makubwa ya mboga ng'ambo ya mfereji, na ambaye alikuja kununua sabuni karibu kila siku, mpaka siku moja mama akamuuliza mbele ya watu, "Samahani kaka, kwenu mnaoga au mnakula?" naye akajibu, "Kwetu tunatafuta sababu." Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakahamia katika nyumba hii mnayoiona, yenye vyumba viwili mbele na banda nyuma, wakajaliwa watoto watatu, binti wa kwanza mwaka 1987, mwana wa pili mwaka 1989, na kitinda mimba, binti, mwaka 1994, na hadi anatutoka ameacha wajukuu watano.

Tarehe 3 Agosti 1993 nyumba hii ilipata jeraha ambalo halikupona. Uani palikuwa pameota magugu, na baba, kwa nia njema kabisa, alirudi kazini na dawa kidogo ya kuua magugu iliyobaki, akaitia ndani ya chupa ya soda, akaiweka dirishani jikoni ili aipulize jioni jua likipoa, kisha akaenda kuazima bomba la kupulizia kwa jirani. Mwanawe wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka minne, aliingia kutoka kwenye jua, akaona chupa anayoijua, akapanda juu ya ndoo na kunywa. Alinywa fundo moja tu, na fundo hilo lilimlaza hospitali miezi mitatu, likamuunguza koo, likaondoka na sauti yake, akabaki na ule mnong'ono mnaoujua, ambao mtu akitaka kuusikia ni lazima amkaribie.

Baba hakuisamehe nafsi yake, na wako watu, wengine wenu mko hapa, mliomshauri mama amwache, lakini alichowajibu wote ni kwamba mtoto hakudanganywa na baba yake, alidanganywa na chupa, kwa sababu chupa ya soda humwambia kila mtoto kwamba ndani yake mna soda. Waliishi pamoja hadi baba alipofariki kwa maradhi ya moyo tarehe 19 Mei 2011, na katika miaka yote hiyo hapakuwahi kuonekana tena chupa ya soda katika nyumba hii, iwe imejaa au tupu. Mgeni aliyekuja nayo aliimalizia nje ya lango, huku mama akimsubiri kwa heshima zote.

Mwaka 1996 kiwanda cha sabuni kilifungwa, na marehemu akaunda mtambo wake mwenyewe hapa bandani, akapanda mchaichai kando ya uzio, akaendelea kuwauzia mafuta watengeneza sabuni wa mjini. Kila jioni alimwaga maji ya pipa kwenye mtaro unaopita nyuma ya banda, na kwa miaka mingi aliona majani ya mtaroni yakikauka asifikirie lolote, maana yeyote angesema ni moto wa maji. Lakini mwaka 2013 kulitokea siku ambayo aliacha maji yapoe kabisa, akayamwaga yakiwa baridi, pamoja na mafuta yaliyokuwa yameharibika, na kesho yake saa za jua kali akakuta vijigugu vyote vya mtaroni vimelala, vimekuwa rangi ya kahawia kama vilivyopitiwa na pasi. Alisimama pale mpaka chai ikapoa mezani, kisha akamwita mwanawe, akamwonyesha, akamwambia, "Mwanangu, hiki ndicho nilikuwa nakitafuta tangu siku ya ile chupa, na nilikuwa nakimwaga."

Kuanzia hapo alianza kujaribu uani kwake, kwenye viwanja vya ukubwa wa mkeka, akichanganya mafuta, maji na sabuni ya maji, akipuliza asubuhi umande ukishakauka, akiangalia jioni. Mwaka 2016 alimpelekea habari bwana shamba wa eneo letu, ambaye alikuja, akanusa, akapiga chafya mara nyingi mpaka akaombewa kiti, akachukua dawa hiyo kwenda kuipima katika vitalu vya ofisi yake, na aliporudi hakumpamba wala hakumvunja moyo. Alimwambia kwamba inaunguza vizuri magugu machanga yenye majani mapana, yale ambayo bado yana majani mawili matatu, lakini haishuki mizizini, na ndago, ambaye ana vinundu vyake chini ya udongo, ataungua leo na kurudi wiki ijayo. "Mama, ndago wako anacheka," alisema, na mama akajibu, "Mwache acheke, jembe lipo." Alimwonya pia kwamba dawa kutoka kwenye jani haimaanishi dawa ya kuchezea, kwamba mafuta hayo yakiwa makali yanaweza kumtoa mtu jicho, na mama alilishika neno hilo kuliko yote, akanunua miwani na glavu, akaweka dawa kwenye dumu alilolipaka rangi nyeusi, ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo akautundika shingoni mwake. Hakumuuzia mtu aliyekuja na chupa ya kinywaji. Mwenyekiti wa chama cha wakulima, ambaye kwa mwendo wake wa mikono nyuma wengi mnamwita Jemadari, aliwahi kufukuzwa hapa langoni na chupa ya juisi mkononi, akaondoka akisema, "Huyu mama ananinyima majani ya chai!"

Sasa familia inafika mahali pagumu, na inasoma mahali hapa kwa ruhusa ya mwenyekiti mwenyewe, aliyekuja juzi jioni kuhani na akasema, tena kwa msisitizo, "Someni yote, msinifichie."

Chama chetu kina vitalu kumi vya pamoja kando ya mfereji, ambako miche ya vitunguu ya wanachama wote huoteshwa, na kila anayejua vitunguu anajua kwamba mche wake ni kama mtoto mpole darasani, magugu humpokonya kila kitu. Kwa miaka mingi chama kilitumia dawa ya mapipa, ile kali ya kiwandani ya kuua magugu, na mapipa hayo yakiisha yaliogeshwa mferejini, mahali pale pale ambapo akina mama huchota maji na watoto huogelea wakitoka shule. Marehemu hakuweza kupita pale bila kusimama. Mwaka 2022 aliwaomba wanachama wajaribu dawa yake, wakakubali, na mwenyekiti akachukua kazi ya kuipuliza mwenyewe kwenye njia zilizo kati ya vitalu, miche ikiwa imeshaota, akiwa amefunika mdomo wa bomba kwa ndoo iliyokatwa ili dawa isiruke. Mama alimpa mafuta kwenye dumu, na sabuni pembeni, akamwambia asiache kutia sabuni. Mwenyekiti alicheka, akasema, "Tunaoga au tunapuliza?" akaipeleka sabuni nyumbani kufulia.

Bila sabuni mafuta yalielea juu ndani ya bomba, na kwa kuwa bomba la mgongoni huvuta kutoka chini, njia za mwanzo zilipata maji matupu, magugu yakanawiri kama yaliyobarikiwa, na njia za mwisho zikapata mafuta matupu, yakaruka kila upande, miche ya vitalu viwili ikaungua yote. Katika mkutano uliofuata mwenyekiti alisimama na kusema dawa ya mama haiui magugu, inaua vitunguu, watu wakapiga meza, na mama akaulizwa ana la kujibu. Aliuliza swali moja tu, "Sabuni ilitiwa?" na akajibiwa, "Ilitiwa." Mama alikuwa ameshapita vitalu vile kuanzia mwanzo hadi mwisho, alishaona upande uliostawi na upande uliokufa, na alijua kama anavyojua jina lake kwamba haikutiwa. Alikaa chini. Mwanawe alimuuliza njiani kwa nini hakusema, naye akamwambia kwamba mtu ukimvua nguo mbele ya watu, hata ukimpa koti baadaye hatalivaa, na kwamba yeye alimhitaji mwenyekiti kuliko alivyohitaji kushinda. Mapipa yakarudi mwaka 2023.

Tarehe 20 Januari 2024 marehemu aliomba nafasi kwenye mkutano wa chama, akasema apewe vitalu vyote kumi kwa msimu mmoja, na magugu yakishinda, au miche ikiungua, chama kiagize mapipa yake na yeye hatafungua tena kinywa chake juu ya jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Kuna aliyesema kwa sauti, "Basi atafute pa kukifungia," watu wakacheka, lakini walikubali. Mwezi uliofuata, tarehe 16 Februari, baada ya kuumwa tumbo kwa muda na kuficha, alipimwa, akakutwa na uvimbe ndani ya utumbo, akaanza matibabu, na akapangiwa kulazwa tarehe 6 Juni kwa upasuaji.

Safari hii bwana shamba alimfundisha njia nyingine, kwamba asipulize kati ya miche, bali kabla haijatoka. Mbegu ya magugu huwahi kuota kuliko ya kitunguu, kwa hiyo kuna siku chache ambazo magugu yako juu na kitunguu bado kiko chini ya udongo, na mwenye kupuliza siku hizo huunguza magugu peke yake, lakini akiwahi, magugu mengi hayajatoka, na akichelewa, anaunguza vyote. Ili kuijua siku yenyewe, unaweka kioo juu ya kipande cha kitalu, udongo wa chini ya kioo unapata joto, vitunguu vya hapo vinatangulia wenzao kama siku mbili, na ukiviona vimechungulia chini ya kioo, ujue umebakiwa na kesho. Mama hakuwa na kioo, akamwambia mwanawe ang'oe cha dirisha la sebuleni, na wale mlioshangaa jana kuona dirisha letu limezibwa kwa boksi, jawabu ni hilo.

Mbegu zilimwagwa tarehe 30 Mei. Kila asubuhi marehemu alikwenda vitaluni, akipumzika njiani kwa kuegemea kuta za watu, akainama juu ya kioo, akarudi. Jumatano tarehe 5 Juni magugu yalikuwa yameshatandika vitalu kama zulia, wanachama wakawa wanapita wakitikisa vichwa, na mmoja akasema, "Mama, unafuga?" lakini chini ya kioo hapakuwa na kitu, naye hakupuliza.

Alhamisi tarehe 6, siku ya kulazwa, dada yake mkubwa alifika mapema na begi la hospitali likiwa limefungwa, akamkuta hayupo. Alimfuata vitaluni, akamkuta amepiga magoti. Chini ya kioo vitunguu vilikuwa vimetoka, vimekunja migongo kama kulabu, jinsi kitunguu kinavyotoka ardhini kikitanguliza mgongo kabla ya kichwa. Mwanawe alikuwa tayari na bomba, sabuni iko mkononi, lakini upepo ulikuwa ukivuma kwa nguvu, nguo kwenye kamba za nyumba za jirani zilikuwa zikipigana, na kupuliza katika upepo ule kungekuwa kuwapulizia wanaochota maji mferejini. Mama alimpigia simu bwana shamba, aliyekuwa mbali kikazi, naye akamwambia, "Upepo ukikataa leo, basi ni kesho asubuhi. Keshokutwa utapika vitunguu shambani."

Hapo ndipo yalipozuka maneno, na familia haitayaficha kwa sababu wengi mliyasikia. Dada mkubwa alisema, "Kitanda chako kinakusubiri, daktari anakusubiri, vitunguu vya watu vitakutoa roho!" na marehemu akajibu, "Dada, ukinipeleka leo utapeleka gunia, mwenyewe nitabaki hapa." Dada akamgeukia mwanawe, akamwambia wewe ni mwanamume, mbebe mama yako umpeleke, naye mwanawe alisimama na bomba mgongoni, akamwangalia mama yake, hakumbeba. Dada aliondoka akilia, begi akaliacha juu ya tuta.

Ijumaa tarehe 7 asubuhi upepo ulikuwa umetulia. Marehemu alikalishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu kusimama kulimshinda, na wanachama walikuja mmoja mmoja wakajipanga kwenye ukingo wa mfereji, wengine kwa kumwombea heri, wengine kuona atakavyoaibika. Kisha akaja mwenyekiti, mikono nyuma kama kawaida yake, na alipoitoa mbele alikuwa ameshika kopo la sabuni. Alifungua bomba mwenyewe, akatia sabuni mbele ya watu wote, akainama sikioni mwa marehemu, lakini Jemadari hajui kunong'ona, tulio karibu tulimsikia akisema, "Mama, ile safari sikutia." Marehemu alimwangalia, akasema, "Najua. Tingisha bomba."

Mwenyekiti akatingisha, mwana akapuliza, kitalu cha kwanza hadi cha kumi, na katikati ya kazi jua lilijificha nyuma ya wingu, mama akaliangalia wingu lile kwa jicho la kuligombeza mpaka likasogea. Ilipofika adhuhuri magugu yalianza kulegea, na yeye akasema sasa nipelekeni, na aliyemshika mkono kumpandisha kwenye gari alikuwa dada yake, aliyekuwa amekuja tena bila kuitwa.

Hospitali nafasi yake ya upasuaji ilikuwa imechukuliwa na mgonjwa mwingine, ikasogezwa hadi Jumatatu tarehe 10. Tunajua yanayosemwa kuhusu siku hizo. Familia ilimuuliza daktari moja kwa moja, tena mbele ya dada mkubwa, na daktari alijibu kwamba uvimbe ulikuwa wa muda mrefu na ulikuwa umeshasambaa, na kwamba yeye hawezi kuapa kuwa siku hizo zingebadilisha kitu, wala hawezi kuapa kuwa zisingebadilisha. Hilo ndilo jibu tulilopewa, na familia imekubaliana kuishi nalo bila kumtwisha mtu yeyote.

Jumamosi magugu ya vitalu yalikuwa yamekauka yote isipokuwa ndago, lakini hilo halikutosha, kwa maana kama vitunguu navyo vimeungua chini kwa chini hakuna aliyejua bado. Mwanawe alishinda vitaluni siku nzima, hakula. Jumapili tarehe 9 alasiri aliingia wodini saa ya kutazama wagonjwa, wodi ikiwa imejaa watu, watoto wanalia, redio ya mtu inaimba, na kitanda cha mama kilikuwa upande wa pili wa ndugu wa mgonjwa mwingine waliokuwa wamezingira njia, na mnong'ono wake usingeweza kupita hapo. Mama alijiinua kwa kiwiko, akamkazia macho. Mwanawe akainua mkono juu ya vichwa vya watu, akakunja kidole kimoja, kama kulabu.

Mama akauliza kwa kupaza sauti, "Vingapi?" na mwanawe akainua mikono yote miwili, akavikunja vidole kimoja kimoja, tisa, na mama alicheka kicheko kilichofanya wodi nzima igeuke, na muuguzi akamwambia, "Bibi, hujashonwa bado unataka kufumuka?" Lakini kidole cha kumi kilibaki kimenyooka, na mama alipokiona alimngoja mwanawe apenye hadi kitandani, akamuuliza ni kipi. Mwanawe akamwambia sikioni kwamba ni kile cha mwisho, kilicho chini ya ukuta wa ghala, kwamba vitunguu vyake vilikuwa vimeshatoka Ijumaa ile bila wao kuona chini ya magugu, na vyote vimeungua. Marehemu alifumba macho, kisha akasema, "Ukuta. Ukuta unatunza joto. Kile kilikuwa na kioo chake na sisi hatukujua. Mwakani kitalu cha ukutani kitangulie kupulizwa."

Alipasuliwa Jumatatu, akazinduka, akawatambua watoto wake wote, na dada yake akamlisha maji kwa kijiko, lakini hali ilibadilika Jumanne jioni, na Jumatano tarehe 12 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, mama yetu alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, waliomhudumia kwa mikono na kwa maneno, hasa yule muuguzi aliyemchekesha. Inamshukuru bwana shamba, aliyesafiri toka huko alikokuwa akafika jana jioni na viatu vya shambani, na aliyemwambia mama ukweli kila mara, hata ulipokuwa haupendezi. Inawashukuru majirani waliochota maji, waliopika, waliokesha na watoto. Inamshukuru dada mkubwa, na inataka mjue kwamba usiku wa kuamkia jana alimwita mpwa wake, akamkalisha kwenye mkeka wake, akasogeza sikio hadi mdomoni mwake, wakaongea mpaka wakamaliza, na walichoongea ni chao.

Mwisho familia inawashukuru wanachama wa chama cha wakulima, ambao jana, Alhamisi tarehe 13 Juni, walifanya mkutano wao wakiwa wamesimama kandokando ya vitalu, na mwenyekiti akauliza wanaotaka mapipa yaagizwe wanyooshe mikono, wakanyoosha wanne, halafu akauliza wasiotaka, na hatukuhitaji kuhesabu. Wale wanne walichukua majembe pamoja na wenzao kung'oa ndago, na kitalu kilichoungua kimechimbwa na kumwagwa mbegu upya. Vitunguu vya vitalu tisa vimeshanyoosha migongo. Mkutano ulifungwa kwa azimio moja, lililotamkwa na mwenyekiti na kuitikiwa na wote, nalo familia inalisoma hapa mbele yako, mama, kama lilivyotamkwa: mwakani kitalu cha ukutani kitatangulia.

Umeacha kazi mikononi mwa watu walioielewa. Lala sasa, Mama Mchaichai, upumzike kwa amani.